Kuku wa Kuoka na Viazi vya Uyole: Karamu ya Nyumba Nzima

Msomaji mpenzi, ukifika Uyole jioni, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapoachana na ile iteremkayo Tukuyu na Kyela hadi mpaka wa Malawi, mambo mawili yatakupokea kabla hujashuka garini. La kwanza ni baridi. La pili ni harufu ya chipsi na kuku itokayo katika vibanda vya kando ya barabara. Mfanyakazi aliyetoka kazini, mwenye mshahara mfukoni na njaa tumboni, hahitaji kubembelezwa. Husimama, huagiza, hula, hufuta mikono, kisha huyo anakwenda zake nyumbani.

Huko nyumbani watoto wamekwisha kula ugali na mboga za majani, pengine na maharage. Hakuna aliyewaambia kwamba baba, na siku hizi hata mama, amekula kuku njiani. Habari hiyo huipata kwa harufu ya shati.

Makala haya hayakuandikwa ili kumshtaki mtu huyo, wala kuwaharibia biashara vijana wanaojitafutia riziki kwa karai na jiko. Yameandikwa kuonyesha kwamba mlo ule ule unaweza kupikwa nyumbani, kwa jiko la mkaa la kawaida, ukawa mkavu kwa nje na laini kwa ndani, na ukatosha nyumba nzima. Siri yake si mafuta mengi, wala si jiko la umeme la bei kubwa. Siri yake ni mambo matatu: kiazi kinachofaa, ukavu kabla ya moto, na moto wa juu na chini. Tutayatazama moja baada ya jingine.

NCHI YA CHAKULA, WATOTO WALIODUMAA

Kwanza yafaa tuulizane kwa nini jambo hili ni zito kuliko utamu wa mdomo.

Nyanda za Juu Kusini ni ghala la taifa. Mahindi, maharage, mchele wa Kyela na Usangu, ndizi na parachichi za Rungwe, viazi vya milima ya Uporoto, Umalila, Makete na Njombe, vyote hivyo hupakiwa katika malori yanayopita mbele ya macho yetu kwenda kulisha miji. Uyole penyewe pana kituo cha utafiti wa kilimo kilichokuzwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa nchi za Ulaya ya Kaskazini, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na jina la Uyole limepewa hata aina za mbegu za maharage.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa mwaka 2022 ulitoa picha ya kusikitisha. Katika nchi nzima, watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Katika mkoa wa Iringa walikuwa zaidi ya nusu, na Njombe na Rukwa zilikuwa karibu sana na nusu. Ghala limejaa, lakini watoto wa mwenye ghala hawakui inavyostahili.

Udumavu hauletwi na jambo moja. Maradhi, maji machafu, uchovu wa mama mjamzito, na mtoto kulishwa uji mtupu mara chache kwa siku, vyote vina sehemu yake. Wala kuku mmoja wa Jumapili hawezi kuumaliza. Lakini wataalamu wa lishe hawachoki kutukumbusha kwamba mtoto anahitaji vyakula vya aina mbalimbali, na miongoni mwake nyama, samaki na mayai, ambavyo aghalabu mtoto ndiye wa mwisho kuvipata. Kuku anayeliwa barabarani hana mgawo wa mtoto. Kuku anayeokwa nyumbani anao.

KUCHAGUA VIAZI

Viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya na wengine mbatata, asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ndiyo maana vimeipenda milima yetu. Katika masoko ya Mbeya utakuta aina nyingi kwa majina mengi, kama vile Kikondo, Arka na Asante, na huenda jina la kiazi likabadilika kutoka meza hii hadi meza ile. Kwa hiyo usishikilie jina tu. Muulize muuzaji swali moja la maana, kama alivyouliza mteja mmoja sokoni Uyole:

“Shikamoo mama. Hivi ni vya kuchemsha au vya kukaanga?”

“Marahaba mwanangu. Hivi vyekundu vikichemka vinapasuka, vina unga. Vile vingine vinabaki vizima, weka kwenye mchuzi.”

Mama yule alikuwa ametoa somo zima la mapishi kwa sentensi mbili. Kiazi chenye unga mwingi na maji kidogo ndicho kinachofaa kuoka, kwa kuwa hutoa gamba kavu na moyo mwepesi. Kiazi chenye maji mengi hubaki kizima katika mchuzi, lakini kikiokwa huwa kizito na kulegea. Wala rangi ya ganda peke yake si ushahidi, kwani vipo vyekundu vyenye maji na vyeupe vyenye unga.

Kama huna wa kumwuliza, iko njia ya kujipimia nyumbani. Changanya kipimo kimoja cha chumvi na vipimo 11 vya maji katika bakuli, koroga hadi chumvi iyeyuke, kisha tumbukiza kiazi kimoja. Kikizama, kina unga mwingi, kioke. Kikielea, kina maji mengi, kiache kwa mchuzi. Maji hayo usiyamwage. Yazidishie maji mengine, nawe utachemshia viazi vyako.

Kiazi kilichogeuka kijani usikichukue. Kijani hicho ni dalili kwamba kimekaa kwenye mwanga, na mara nyingi pamoja nacho hujengeka sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Palipo na doa dogo, kata na utupe sehemu hiyo pamoja na macho yaliyochipua. Kikiwa kimeenea kijani, au kikiwa kichungu, kitupe chote.

Jambo jingine linawahusu hasa wakazi wa nyanda za baridi. Kiazi kikikaa mahali penye baridi kali, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari. Kiazi cha namna hiyo huiva rangi upesi mno: nje kinakuwa cheusi na kichungu, ndani bado kigumu. Kwa sababu hiyo usiweke viazi vibichi ndani ya jokofu, na katika miezi ya Juni na Julai usiviache barazani usiku. Viweke ndani, gizani, kwenye kikapu au gunia lipitishalo hewa. Kama vimekwisha pigwa na baridi, vikae wiki moja au mbili mahali penye joto la wastani karibu na jiko, na sehemu kubwa ya sukari hiyo itapungua.

MAJI YA UYOLE HUCHEMKA MAPEMA

Kwa familia ya watu sita, viazi kilo mbili vyatosha. Vimenye, uvikate vipande vikubwa, kila kiazi cha wastani vipande vinne. Suuza vipande hivyo hadi maji yawe meupe. Vitie ndani ya sufuria yenye maji baridi na chumvi, ndipo uviinjike motoni. Ukivitia katika maji yanayochemka, nje itaiva na kumeguka kabla ya ndani kupata moto.

Hapa wageni wengi waliohamia Mbeya kutoka pwani hushangaa. Mama aliyezoea kupika Dar es Salaam hutazama saa, huepua viazi, na kuvikuta vigumu. Huanza kuwashuku wauza viazi, kumbe kosa si lao. Uyole iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu apandavyo juu, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi, lakini Uyole huchemka kwa nyuzi zipatazo 94. Yanatokota vilevile na kutoa mvuke vilevile, lakini hayana joto lile. Kwa hiyo ongeza dakika, wala usiongeze kuni au mkaa, kwa kuwa moto mkali hautayafanya maji hayo yawe na joto zaidi. Usiifuate saa. Choma kwa uma: ukiingia kwa urahisi pembeni na kuzuiliwa kidogo katikati, epua.

Sasa mwaga maji yote. Rudisha sufuria juu ya moto mdogo kwa dakika mbili, bila mfuniko, hadi mvuke upungue na viazi vionekane kama vilivyopakwa vumbi jeupe. Halafu funika, shika mfuniko kwa kitambaa, tikisa sufuria mara tano au sita. Kingo za viazi zitachubuka na kuwa na unga unga. Usihuzunike kwa kuona vimeharibika sura. Unga huo uliochubuka ndio utakaokunywa mafuta na kugeuka gamba linalolia menoni.

KUKU WA KISASA NA WA KIENYEJI

Kuku wa kisasa wa nyama huchinjwa akiwa na umri wa majuma machache tu. Nyama yake ni laini, nayo huiva upesi katika joto kavu la kuoka. Kuku wa kienyeji ametembea, amekimbia, ameparua ardhi kwa miezi mingi. Nyama yake ina ladha kubwa zaidi, lakini ni ngumu. Ukimwoka akiwa mbichi atakauka kabla ya kulainika, na lawama zote zitakwenda kwa mpishi.

Basi kuku wa kienyeji apitie maji kwanza. Mkate vipande, mchemshe polepole pamoja na tangawizi, kitunguu na chumvi hadi uma uingie bila kusukumwa. Hii yaweza kuchukua saa moja au zaidi, na kwa jogoo mzee zaidi sana, nawe umekwisha jua sababu ya kuongeza dakika ukiwa Uyole. Mchuzi wake uuhifadhi, maana ni chakula kizuri cha watoto na cha mgonjwa. Mtoe kuku, umkaushe, na kuanzia hapo afuate njia ile ile ya mwenzake, isipokuwa muda wake wa kuokwa ni nusu tu.

Kwa mlo wetu twaa kuku wa kilo moja na nusu, umkate vipande 12 bila kumvua ngozi: mapaja vipande vinne, mabawa viwili, kidari vinne na mgongo viwili. Shingo, firigisi na maini tutavikuta baadaye.

Hapa pana mazoea mawili yanayofaa kutazamwa upya. La kwanza ni kumwosha kuku chini ya maji ya bomba. Kuku aliyechinjwa na kunyonyolewa nyumbani hana budi kusafishwa. Lakini aliyenunuliwa akiwa amekwisha safishwa, wataalamu wa afya wa siku hizi hushauri asimwagiwe maji, kwa kuwa matone yanayoruka husambaza vijidudu kwenye vyombo, kachumbari na mikono ya watoto waliosimama karibu. Moto ndio unaoviua vijidudu hivyo. Mpanguse kwa kitambaa safi, kitambaa hicho ukichemshe baadaye, na kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia kitu kingine. Ni busara kutengeneza kachumbari kwanza, kuku baadaye.

Zoea la pili ni kumloweka kuku katika maji ya ndimu na kumpeleka motoni akiwa bado anachuruzika. Ngozi iliyolowa haiwezi kukauka kabla maji yake hayajaisha, na yanapoisha nyama nayo imekwisha kauka. Ndimu ikamuliwe mezani, juu ya kuku aliyeiva. Ladha yake itakuwa kali zaidi na ngozi itabaki kavu.

Mpake kuku chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai na pilipili manga kidogo. Kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa zipenyeze chini ya ngozi, si juu yake, kwa sababu juu ya ngozi kitunguu saumu huungua na kuwa kichungu. Mwache saa moja, amefunikwa kwa chandarua cha kuzuia inzi. Mwenye jokofu aweza kumweka humo usiku kucha, bila kumfunika, katika rafu ya chini kabisa asije akadondokea vyakula vingine, na asubuhi atamkuta na ngozi kavu kama karatasi. Asiye na jokofu asizidishe saa mbili, hata kama Uyole ni baridi. Chumvi itavuta maji nje ya ngozi. Yafute. Kisha changanya unga wa mahindi vijiko vitatu vya chakula, unga wa ngano kijiko kimoja, na bizari kidogo. Nyunyiza unga huo kila upande wa kipande, kung’uta uliozidi, halafu paka mafuta ya alizeti kwa kiganja. Vijiko vitatu vya mafuta vyatosha kuku mzima. Linganisha na karai la barabarani, ambamo kuku huogelea katika mafuta yaliyokwisha kaangia wengine tangu juzi.

MOTO WA JUU NA CHINI

Mwenye oveni ya umeme au gesi aiwashe mapema hadi nyuzi 200, apange vipande bila kugusana, ngozi ikiwa juu, na kuoka kwa dakika 45 hadi 50.

Asiye na oveni asikate tamaa. Bibi zetu walipalia makaa juu ya mfuniko wa chungu cha wali kabla oveni hazijajulikana mitaani kwetu, na akina mama wengi huoka keki za biashara kwa njia hiyo hadi leo. Twaa sufuria kubwa na nzito. Tandaza mchanga mkavu na safi chini, unene wa vidole viwili, ili moto wa chini usiunguze. Juu ya mchanga weka sinia au sufuria fupi yenye kuku. Funika kwa mfuniko wa bati ulio bapa, na juu yake panga makaa yaliyowaka. Mgawo wa moto uwe hivi: sehemu moja chini, sehemu mbili juu. Wengi hufanya kinyume, ndiyo maana chini huungua na juu hubaki pameupe. Acha sufuria na mchanga vipate moto dakika 15 kabla ya kumwingiza kuku.

Jambo dogo linalosahauliwa ni upenyo. Mvuke usiopata njia hurudi juu ya ngozi kama umande, na utatoa kuku wa kuchemshwa badala ya kuku wa kuoka. Weka kijiwe au msumari kati ya mfuniko na ukingo wa sufuria ili mvuke utoke. Usifunue kila mara kutazama. Mara moja baada ya nusu saa yatosha, nawe wakati huo uongeze makaa ya juu.

Baada ya dakika 50 hivi, choma paja mahali penye nyama nene karibu na mfupa. Majimaji yakitoka meupe bila wekundu, ameiva. Mwenye kipimajoto aone nyuzi 74 au zaidi. Mtoe, umweke kwenye sahani pana karibu na jiko, wala usimfunike, maana mvuke wake mwenyewe utamlegeza ngozi.

Katika sinia lile lile yamebaki mafuta ya kuku. Ongeza vijiko viwili vya alizeti, rudisha motoni hadi mafuta yalie kijiko kikitiwa, ndipo upange viazi vyako, kila kipande na nafasi yake. Vioke dakika 20, vigeuze mara moja tu, kisha dakika 20 nyingine. Zikibaki dakika tano, weka kuku juu yake apate moto tena. Vyote viwili vitafika mezani vikiwa vikavu na vya moto.

Neno moja, msomaji, ambalo ukisahau mengine yote tafadhali ulikumbuke hili. Kazi hii ya mkaa huchukua muda mrefu, na baridi ya Uyole humshawishi mtu afunge milango. Usifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Okea nje, au katika jiko lenye mlango na madirisha wazi. Chakula kikiisha, usilibebe jiko kwenda kulipashia joto chumba cha kulala, hata makaa yakiwa yamefunikwa na majivu. Karamu ya Jumapili isigeuke msiba wa Jumatatu.

Taifa limejiwekea mkakati wa miaka 10, kutoka 2024 hadi 2034, wa kuwafikisha wananchi asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia. Mwenye gesi bila oveni naye aweza kuushiriki mlo huu. Atumie sufuria ile nzito na mchanga wake, amwoke kuku kwa moto wa chini hadi aive, kisha amalizie ngozi kwa kuilaza juu ya kikaango chenye moto kwa dakika tatu. Viazi aviweke kikaangoni moja kwa moja, avigeuze upande baada ya upande.

RANGI YA DHAHABU, SI RANGI YA MKAA

Kwa nini tumesisitiza ukavu tangu mwanzo? Mwaka 1912 mwanasayansi Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na chembe za protini zinavyoungana kwa joto na kuzaa rangi ya kahawia. Ndiyo rangi na harufu ya mkate uliookwa, kahawa iliyokaangwa na kuku aliyeiva. Muungano huo huenda upesi joto likifika nyuzi 140 hivi. Lakini mahali penye maji hapavuki joto la kuchemka, ambalo kwa Uyole ni nyuzi 94. Maana yake, maji yakiwapo juu ya ngozi rangi haiji. Maji yakiisha, inakuja yenyewe.

Nayo ina kikomo chake. Mwaka 2002 wataalamu wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga, viazi vikiwa mbele, vikikaangwa au kuokwa kwa joto kali huzalisha kemikali iitwayo akrilamidi, ambayo inashukiwa kuchangia saratani. Kadiri kiazi kinavyozidi kuwa cheusi, ndivyo kemikali hiyo inavyozidi, na kiazi kilichopigwa na baridi huizalisha zaidi. Hakuna sababu ya kuacha kula viazi. Iko sababu ya kuviepua vikiwa na rangi ya dhahabu.

KUGAWA

Sasa sinia liko mezani. Kachumbari ya nyanya, kitunguu na parachichi la Rungwe iko pembeni, ndimu zimekatwa. Imebaki kazi ambayo hakuna kitabu cha mapishi kinachoifundisha, nayo ni kugawa.

Katika nyumba nyingi firigisi ni ya baba, mapaja ni ya wageni, na watoto hupata mabawa na shingo, yaani mifupa na matumaini. Heshima ya baba ni jambo jema, na firigisi aipate. Lakini maini, yenye madini ya chuma kwa wingi, yafaa apewe mtoto mdogo. Mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza chakula aweza kuondolewa nyama laini ya kidari kabla ya meza kuandaliwa, ikachambuliwa nyuzi nyuzi, ikapondwa na kiazi kilichochemshwa kisicho na pilipili wala chumvi. Mama mjamzito au anyonyeshaye asiwe wa kulamba sinia. Vipande ni 12, watu ni sita, na hesabu hiyo haihitaji karani.

Iko hesabu nyingine uifanye mwenyewe kwa bei za mtaani kwako. Chukua bei ya sahani moja ya chipsi kuku, uizidishe kwa idadi ya watu wa nyumba yako. Halafu jumlisha bei ya kuku mmoja, sado moja ya viazi, mafuta kidogo na mkaa. Weka hesabu hizo mbili bega kwa bega. Utaelewa kwa nini baba huwa anakula peke yake: kwa bei ya barabarani, hawezi kula na wanawe. Kwa bei ya nyumbani, huenda akaweza, walau mara moja kwa mwezi, Jumapili inayofuata mshahara.

Basi, ndugu msomaji, mwisho wa mwezi huu ukishuka Uyole jioni na harufu ile ikakujia, ivute kifuani bila hofu, kwani harufu haina deni. Kisha pita. Nunua kuku wako, nunua viazi vyenye unga, na uende navyo nyumbani. Watoto watakaposikia harufu safari hii, haitatoka kwenye shati la baba. Itatoka jikoni, na watajua kwamba na wao wamo.